Kupiga gitaa la besi kupitia PA (mitambo ya sauti ya ukumbi) bila ampli: somo na maswali yenu

Panda matatu ya Githurai jioni na ampli (kikuza sauti chenye spika yake) ya besi ya kilo 20 uone. Makanga ataiangalia, atakuangalia, kisha atakutajia nauli ya watu wawili. Nimelipa nauli hiyo miaka mingi. Siku hizi natoka na gitaa mgongoni na kisanduku kidogo mfukoni, na besi inasikika hadi kwa wauza mahindi nje.

Mwanzo haukuwa mzuri. Kwenye kanisa moja Eastlands nilichomeka gitaa moja kwa moja kwenye miksa. Ikatoka sauti dhaifu, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Nikaongeza geini (nguvu ya sauti inayoingia kwenye miksa), nikaongeza sauti za chini kwenye ikwalaiza, nikaongeza tena. Wimbo wa pili nikasikia prrr, koni ya spika ya inchi 12 inaruka kama kifua cha chura, kisha harufu ya koili iliyoungua ikafika madhabahuni. Nililipa spika hiyo kwa awamu.

Kosa langu lilikuwa kudhani ampli kazi yake ni kelele tu. Inafanya kazi tatu: inapokea gitaa inavyofaa, inatengeneza sauti, na inakusikilizisha unachopiga. Ukiiacha nyumbani, kila kazi lazima ipate mwenyewe.

1. Kagua spika kabla ya kufungua begi. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne, E, unatetema karibu na hezi 41, yaani mara 41 kwa sekunde. B ya nyuzi tano ni kama 31. Spika nyingi za inchi 12 huanza kuchoka kwenye hezi 50 au 60. Kukiwa na sabufa za inchi 18, starehe. Kama hakuna, piga kwa adabu.

2. Tafuta kisanduku cha DI, kile cha mfukoni kinachounganisha gitaa na miksa. Hapa ndipo penye siri. Pikapu za gitaa, zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi (si za kubeba mchanga), zinataka kuingia mahali penye ukinzani mkubwa, karibu omu milioni moja. Tundu la maiki kwenye miksa lina omu elfu mbili hivi. Pikapu ikikutana na mzigo huo inapoteza nguvu na ule mng'aro wa juu, na ndiyo blanketi niliyosikia. DI inasimama katikati: inapokea gitaa vizuri, kisha inapeleka sauti kwa waya wa XLR (wa pini tatu, kama wa maiki) ambao hata ukiwa na mita 30 haukusanyi kelele njiani. Waya wa kawaida wa gitaa, zaidi ya mita sita usiuamini. Kuna DI zisizohitaji umeme na zinazotumia betri au volti 48 kutoka kwenye miksa. Kama gitaa lako halina betri, chukua hiyo ya umeme. Kama linayo, ile ya kawaida inatosha. Luthuli Avenue, Nairobi, zipo. Nenda na gitaa lako, ujaribu pale pale dukani.

3. Unganisha chaneli ikiwa imezimwa. Gitaa kwenye DI, DI kwenye tundu la maiki, si la laini (lile la vyombo vyenye sauti kubwa zaidi, kama kinanda). Ukiwasha zile volti 48 chaneli ikiwa wazi, spika zitapiga pah! na wazee watageuka. Miksa huwashwa kwanza, spika mwisho. Kuzima ni kinyume chake.

4. Weka geini. Piga E kwa nguvu utakayopiga kwenye pambio la mwisho, si ile ya kujaribu kwa aibu. Panda hadi taa nyekundu iwake, kisha rudi chini kidogo.

5. Ikwalaiza. Bila sabufa, bonyeza kitufe cha kukata chini ya hezi 80. Najua inauma, lakini sikio linaijua E hata kwa sauti yake ya juu ya hezi 82, mara mbili ya 41, na koni itakushukuru. Sauti ikiwa na matope, punguza karibu na 250. Usiposikika, usiongeze chini. Ongeza kidogo karibu na 800. Wapiga benga wanalijua hili: besi yao haijifichi nyuma ya ngoma, inaongea.

6. Omba monita, spika inayokutazama wewe. Spika za mbele zinatazama watu, wewe uko nyuma yake unasikia mngurumo tu. Mwambie fundi wa mitambo akupe besi kwenye monita yako, tena kwa njia isiyofuata kidhibiti chake cha sauti ya spika za mbele, la sivyo akikupunguza kwa watu amekupunguza na kwako.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, besi yangu ina betri ya volti 9. Lazima DI?*
Ndugu, kwa waya mfupi unaweza kuingia tundu la laini na mambo yakaenda. Miksa ikiwa mwisho wa ukumbi, tafuta DI.

*Nina pedali yenye tundu la XLR. Inatosha?*
Inatosha kabisa, hiyo ni DI tayari. Hakikisha tu volti 48 zimezimwa kwenye chaneli hiyo, maana si kila pedali inazipenda.

*Bwana asifiwe. Kwetu kuna spika mbili za inchi 10 tu, na mchungaji anataka besi "ya kutikisa".*
Asifiwe sana dada. Mtikisiko hautoki kwenye koni ndogo. Kata chini ya 80, mwombe fundi aweke kompresa (kifaa kinachobana sauti zinazoruka juu) ya 4 kwa 1, na mweleze mchungaji bei ya sabufa mapema.

*Inanguruma mmmm muda wote. Fundi wa mtaa amesema nikate mguu wa juu wa plagi.*
Usikate! Mguu huo ndio waya wa ardhi, na hapa umeme ni volti 240. Siku umeshika nyuzi halafu mdomo ukaguse maiki, utajua. DI ina swichi ndogo ya kutenganisha ardhi kwenye waya wa sauti. Isukume, mngurumo mara nyingi hukatika hapo hapo. Usipokatika, chomeka vyombo vyote kwenye soketi moja, jenereta ikiwa ndiyo inayowasha vilevile.