Ukiambiwa una homa ya ini, uliza kwanza ni herufi gani

Binamu yangu alienda kuchangia damu hapa Kigoma, baada ya siku kadhaa wakampigia arudi, akaambiwa una homa ya ini. Basi. Jioni ileile nyumbani Ujiji kikombe chake cha bati kikawekwa juu ya kabati peke yake, mama mkubwa akapiga marufuku watoto kula naye sinia moja. Wiki mbili kijana anakula ugali na dagaa barazani peke yake kama mkosaji, kumbe aliyokuwa nayo ni B, na B haiambukizi kwa sahani wala kikombe!

Kwahiyo ukiambiwa hivyo usitoke kwenye kile chumba, uliza ni A, B, C, D au E. Ni virusi vitano tofauti, kinachowaunganisha ni ini tu. Na msichanganye na homa ya manjano, ile inaletwa na mbu.

A na E zinapitia mdomoni, yaani kinyesi cha mgonjwa kimefika kwenye maji au chakula chako. Sisi tunaochota maji ziwani palepale watu wanapooga tunaelewana hapa, chemsha maji, nawa na sabuni ukitoka chooni. Wengi wanapona wenyewe. Ila E kwa mjamzito, hasa miezi mitatu ya mwisho, inaua, akiwa na macho ya njano usianze kumchemshia mizizi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

B sasa ndo yenye maneno. Inapita kwenye damu, ngono, na mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Wembe wa kuchangia, chale za mganga anayechanja ukoo mzima na wembe mmoja, mswaki wa mwenzio, vyote vimo, maana kirusi chake kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado kikaambukiza. Kwenye karatasi ya maabara tafuta HBsAg, ikiwa pozitivu unacho. Unapima tena baada ya miezi 6, kikiwa bado kipo ndo wanaita sugu. Sugu sio hukumu ya kifo jamani, wengine wanafuatiliwa ini tu kliniki, wengine wanapewa dawa kama tenofovir ya kumeza kila siku, ila pombe achana nayo. Mtu mzima akiambukizwa mara nyingi mwili unakifukuza wenyewe, kichanga ndo shida, karibu 9 kati ya 10 wanabaki nacho.

Chanjo ipo. Watoto wanaipata kliniki wiki ya 6, 10 na 14, mkubwa anapima kwanza, akiwa hana anachoma tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa 6. Mwenza wako na mnaoishi nao wapime pia.

C ni ya damu zaidi, haina chanjo lakini inapona kabisa, vidonge vya wiki 8 mpaka 12 vinawaponya zaidi ya 95 kati ya 100. D haiwezi kuishi bila B, ukichanja B umeizuia na yenyewe.

Mama mkubwa alipima, hana, juzi kachoma ya pili. Binamu karudi kwenye sinia. Kile kikombe bado kiko juu ya kabati, sasa kinawekewa viberiti.