Kabla ya Kwenda Svalbard Kukusanya Mwani na Sainobakteria

Kibali kiombwe mapema, kwa kuwa sehemu kubwa ya Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo kaskazini ya mbali, ni hifadhi. Nje ya makazi usitoke bila kifaa cha kumfukuzia dubu mweupe na mwenzako anayejua kutumia bunduki. Ukielekea Ny-Ålesund, kijiji cha watafiti, zima Wi-Fi na Bluetooth kabla hujafika, maana kilomita 20 kukizunguka kijiji hicho mawimbi ya redio hudhibitiwa yasivuruge vipimo vya kisayansi.

Jambo ninalokusihi ulishike kuliko yote ni kuamua, kabla hujafunga mizigo, namna sampuli zitakavyohifadhiwa. Safari yangu ya kwanza tulitegemea friza peke yake. Tulichota tando za vidimbwini na matope meusi ya vishimo vilivyo juu ya barafuto (mto wa barafu) ya Midtre Lovénbreen, tukagandisha vyote, tukiamini kwamba viumbe waliozoea baridi hawangedhurika. Tulipoziyeyusha na kuziweka chini ya hadubini, nyuzi za sainobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea, zilikuwa nzima, na Nostoc, mojawapo ya sainobakteria hizo, ilivimba na kuteleza kama iliyochumwa asubuhi ile. Lakini mwani wa seli moja wenye mikia ya kuogelea ulikuwa umepasuka ukabaki ukungu wa kijani, na diatomu nyingi, mwani wa seli moja wenye gamba kama kioo, zilikuwa magamba matupu, tusijue kama zilikuwa hai siku tulipozichota. Orodha yetu ilionyesha sainobakteria zikitawala karibu kila kidimbwi, nasi hatukuwa na njia ya kujua kama ndivyo ilivyokuwa au ni friza iliyotuchagulia. Kazi ya msimu mzima ikawekwa kando.

Basi gawa kila sampuli mafungu matatu siku hiyohiyo: moja libaki hai, gizani, kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, la pili litiwe iodini ya Lugol, dawa ya kuhifadhi seli, la tatu ligandishwe kwa ajili ya DNA. Lililo hai litazamwe kwanza, kwa sababu iodini hupaka seli rangi ya kahawia na kuficha ule ubuluu-kijani unaotambulisha sainobakteria. Theluji nyekundu, iliyotiwa rangi na mwani, iyeyuke polepole penye baridi na giza, kamwe si kando ya hita.

Andika lebo kwa penseli, kwani ethanoli hufuta wino, na uweke tarehe na saa, maana jua lisilotua wakati wa kiangazi huchanganya siku. Kijiko cha kidimbwi kimoja kisiguse kingine kabla hakijasafishwa. Vijito vya barafuto vinavyovukika asubuhi huweza kufurika alasiri, na ukungu hushuka ghafla. Kagua njia ya kurudi kabla hujafungua chupa ya kwanza.