Transponda ya kuchaji au ya waya: mwongozo kwa dereva wa Lubumbashi

Transponda ni kifaa kidogo cha kupima muda wa mizunguko kwenye mbio za magari. Kabla ya kuuliza bei, uliza itaishi wapi. Ikiwa itakaa kwenye gari moja lenye betri ya volti 12, chukua ya waya, inayokula umeme wa gari. Ikiwa watu watatu mnachangia kifaa kimoja, au kitahamia kwenye karti (kigari kidogo cha mbio) ya injini ya mipigo miwili isiyo na betri, ya waya haitawafaa hata iwe ya bure.

Kazi yao ni moja. Kifaa hurusha namba yake, waya uliozikwa chini ya mstari wa saa huipokea, na dekoda, yaani kisomaji cha mwandaaji, huandika muda. Hivyo mwulize kwanza mwandaaji wa mbio anatumia mfumo gani. Aina za X2 na TR2 za MYLAPS, kampuni ya vifaa vya kupima muda wa mbio, hutumika kwa usajili wa kulipia wenye muda maalumu. Ukiisha, hata kifaa kisicho na hitilafu yoyote hakihesabu mzunguko hata mmoja. Angalia tarehe hiyo hasa unaponunua cha mkononi.

Ya kuchaji ina mtego wa safari. TranX260, aina ya zamani ya MYLAPS, huhitaji saa 16 hivi kujaa, kisha hufanya kazi siku nne au tano. Haina swichi: ukiitoa kwenye chaja tayari inarusha, iwe kwenye gari au kwenye sanduku la spana. Kutoka Lubumbashi kupitia mpaka wa Kasumbalesa hadi Kyalami, uwanja wa mbio karibu na Johannesburg, ni zaidi ya kilomita 2,000. Ukiichomoa nyumbani alfajiri ya kuondoka, siku mbili tatu zimeliwa na barabara na mpaka. Beba chaja, uijaze upya huko, na uiache kwenye chaja hadi asubuhi ya mazoezi. Soketi za Afrika Kusini zina matundu matatu makubwa ya duara, kwa hiyo weka na adapta. Usiku umeme ukikatika katikati ya kuchaji, usihesabu saa ulizolala. Tazama taa ya kifaa. Nyekundu maana yake irudi kwenye chaja. Betri yake imefungwa ndani, na ikichoka baada ya miaka, unanunua kifaa kingine.

Ya waya haina wasiwasi huo, lakini ikifungwa vibaya itakunyima muda wote. Fundi wa umeme wa gari afanye hivi.

Waya mwekundu uende kwenye chanya inayowaka kwa kontakti (swichi ya ufunguo), ukipitia fyuzi ya ampea 1 iliyo karibu na chanzo. Ukiunga moja kwa moja kwenye betri, transponda itainyonya gari likiwa limelala garajini. Weka multimeta kwanza: injini imezima, karibu volti 12.5, inaunguruma, karibu 14. Jaribu pia wakati wa kupiga stata, kwa sababu saketi nyingine hukatika sekunde hizo, na kuna wanaozichagua bila kujua. Waya mweusi uende hasi ya betri, au kwenye chuma cha chasi kilichokwanguliwa rangi hadi king'ae. Rangi ndiyo chanzo cha "inawaka leo, kesho haiwaki". Ziba maungio kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Vumbi jekundu letu na mvua za masika havisamehi muungo wa waya uliofungwa kwa tepu tu.

Mahali pa kufunga ni pale pale kwa aina zote mbili: chini, isizidi sentimita 60 kutoka ardhini, ikitazama lami bila chuma wala kaboni katikati. Plastiki na fiberi ya kioo hazizuii. Kaa mbali na bomba la moshi, na nyaya za koili na plagi, kwani kelele zake za umeme huvuruga mawimbi. Kishikio kisitikisike, ya kuchaji ifunge pia kwa pini yake na kamba ya plastiki, la sivyo itabaki kwenye kona ya kwanza.

Mizunguko ikipotea mara chache tu, shuku mahali ilipofungwa au urefu kutoka ardhini. Isipoonekana kabisa, shuku fyuzi, usajili, au namba uliyoandikisha kwa mwandaaji: isome kwenye lebo, usiiandike kwa kukumbuka. Na ukiazima transponda ya pili ya akiba, usiipakie ndani ya gari wakati wa kukimbia. Dekoda itasoma zote mbili, na mwenye namba ile atapewa mizunguko yako.