Noti za Zamani za Thailand: Isome Kwanza, Bei Baadaye

Mtu akishika noti kuukuu ya Thailand kwa mara ya kwanza, huuliza jambo moja tu: inauzwa ngapi? Swali hilo halijibiki mpaka noti yenyewe isomwe. Ni ya toleo gani? Imesainiwa na nani? Karatasi yake imepita mikono mingapi? Noti mbili za baht 20 zinazofanana kama mapacha zinaweza kupishana bei vibaya sana kwa sababu ya saini iliyo chini au mkunjo mmoja katikati, mkunjo ambao huuoni mpaka uinamishe noti chini ya taa.

Tarakimu na miaka

Anza na tarakimu za Kithai, kwa sababu noti nyingi za zamani zinazo: ๐ ni 0, ๑ ni 1, ๒ ni 2, ๓ ni 3, ๔ ni 4, ๕ ni 5, ๖ ni 6, ๗ ni 7, ๘ ni 8, ๙ ni 9. Zinazowachanganya wengi ni ๔ na ๕. ๕ ina kikunjo kidogo cha ziada juu. Ziandike kwa mkono mara kumi kumi, utazishika kwa siku moja.

Mwaka ulioandikwa ni wa kalenda ya Kibuddha. Toa 543 upate wetu: ๒๔๗๗ ni 2477, yaani 1934. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kabla ya 1941 mwaka wa Thailand ulianza tarehe 1 Aprili, siyo 1 Januari. Kwa hiyo noti yenye tarehe ya Januari, Februari au Machi ya miaka hiyo hutolewa 542. Februari 2477 ni Februari 1935. Mwaka 2483 wenyewe ulikuwa na miezi tisa tu, Aprili hadi Desemba 1940, ili kalenda ilingane na ya dunia. Muuzaji anayekuletea noti ya "Februari 2483" anakuuzia mwezi ambao haukuwahi kuwapo.

Noti za mwanzo kabisa hutumia kalenda ya tatu, inayohesabu tangu Bangkok ilipofanywa mji mkuu. Hapo jumlisha 1781: mwaka 121 ni 1902.

Noti nyingi za baadaye hazina tarehe kabisa. Umri wake hujulikana kwa saini, na hilo tutalifikia.

Kulitambua toleo

Toleo la kwanza la noti za serikali lilianza Septemba 1902, likachapwa London na Thomas De La Rue, upande mmoja tu. Nyuma ni peupe. (Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyochapa shilingi za Afrika Mashariki za wakati wa mkoloni, na aliyewahi kuzishika zile ataitambua michoro yake ya mistari myembamba.) Noti ya 50 ya mwaka 1918 ilitengenezwa kwa kugonga thamani mpya juu ya noti ya 1. Ukiletewa hiyo bila cheti cha mkaguzi, yaani kampuni inayothibitisha noti na kuipa daraja, irudishe kwa heshima.

Toleo la pili, 1925, lina picha pande zote mbili, na nyuma utaona sherehe ya kifalme ya kufungua msimu wa kulima. La tatu, 1934, ndilo la kwanza kubeba sura ya mfalme: kwanza Rama VII, kisha, baada ya yeye kujiuzulu Machi 1935, Rama VIII akiwa bado mtoto. Tenganisha noti za wafalme hao wawili kwenye daftari lako. Ni aina mbili.

Toleo la nne, 1938, linadai macho. Nchi ilibadili jina kutoka Siam kuwa Thailand Juni 1939, na noti zikafuata. Tazama maandishi ya Kithai: zilizotangulia zina รัฐบาลสยาม, Serikali ya Siam, zilizofuata zina รัฐบาลไทย, Serikali ya Thai. Linganisha umbo la neno la mwisho tu, inatosha.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokata njia ya London, noti zilichapwa Japani na nyingine Thailand kwenyewe, kwa karatasi na wino uliopatikana. Zile za kienyeji zilichanika upesi, na ndiyo maana iliyo nzima kweli huwa na bei. Usiikatae noti ya vita kwa sababu uchapaji wake ni hafifu. Ndivyo ilivyotoka mashineni. Toleo la nane la 1946 lilichapwa Boston, Marekani, na Tudor Press, nalo ni la kawaida sana kwa sura.

Kisha linakuja toleo la tisa, 1948, ambalo ni shule nzuri kuliko yote kwa mkusanyaji mpya: noti zake bado zinapatikana, na aina zake ni nyingi. Ishike ya baht 20 na uifuate hivi. Kwanza sura ya Rama IX: za mwanzo ni kijana, za baadaye ni mtu mzima mwenye sare ya kijeshi na nembo kwenye kola. Pili, iinue kwenye mwanga uone alama ya maji: ama ni katiba juu ya sinia lenye mguu, ama ni mfalme kwa ubavu; ya katiba ni ya awali. Tatu, saini mbili, ya waziri wa fedha na ya gavana wa benki kuu. Gavana Puey Ungphakorn alikaa kuanzia 1959 hadi 1971, na katika muda huo mawaziri walibadilika, hivyo sahihi yake huonekana pamoja na za watu tofauti. Jozi ya gavana na waziri aliyekaa muda mfupi mara nyingi ndiyo adimu. Usijaribu kusoma majina. Chapisha kwenye karatasi ukurasa wa saini kutoka katalogi, kisha ulinganishe maumbo kwa lenzi.

Toleo la kumi ni noti moja tu, baht 100 ya 1968, iliyoletwa kwa sababu ya noti bandia za 100. La kumi na moja, 1969, ndilo la kwanza kuchapwa na kiwanda cha Benki ya Thailand yenyewe. La kumi na mbili lilianza 1978 na noti zake ni rahisi. Tungemshauri anayeanza anunue hizo, mpya kabisa, mkono wake uzoee karatasi nzima inavyolia. Ile noti ya mraba ya baht 60 ya mwaka 1987, milimita 159 kwa 159, ni kumbukumbu nzuri ya ukutani, lakini wageni huinunua kwa bei ya kitu adimu, na adimu siyo.

Ukaguzi wa mezani

Andaa lenzi ya kukuza mara 10, tochi ndogo, taa ya UV ya nanomita 365, na rula ya milimita. Nawa mikono, ikauke kabisa.

1. Shika noti kwa kingo, iinamishe chini ya taa karibu ilale sambamba na mwanga. Mkunjo hujionyesha kama kivuli chembamba. Hesabu mikunjo pande zote mbili. Mkunjo uliovunja wino ni mzito kuliko uliokunja karatasi tu.

2. Pima urefu na upana, kisha tazama nafasi nyeupe ya pembeni. Upande mmoja ukiwa mwembamba mno na pembe zikiwa kali kama wembe, huenda noti imekatwa kuficha kingo zilizochanika.

3. Iinue kwenye tochi. Matundu ya pini na stepla huonekana kama nyota, na palipojazwa au kubandikwa karatasi huwa peusi kidogo. Alama ya maji ya kweli imo ndani ya karatasi na ina vivuli laini. Iliyochapwa juu huonekana hata bila mwanga wa nyuma.

4. Zima taa ya chumba, washa UV. Karatasi ya zamani hubaki hafifu. Ikiwaka bluu-nyeupe, ama ni nakala ya karatasi ya kisasa, ama noti imefuliwa: sabuni ya unga ina kemikali za kung'arisha nguo nyeupe, nazo hubaki kwenye nyuzi za karatasi.

5. Mwisho lenzi. Uchapaji wa kuchonga huacha mistari kamili ya wino ulioinuka. Ukiona vidoti vya rangi kama vya picha ya gazeti mahali palipostahili mistari hiyo, ni nakala.

Noti iliyopigwa pasi inasumbua zaidi, kwa sababu mikunjo imelala. Pitisha kidole polepole juu ya sura ya mfalme. Kama wino umekuwa bapa na karatasi ina mng'ao usio wake, imebanwa. Ya kufuliwa nayo huwa legevu kama kitambaa, na rangi zake zimepauka sawasawa kote, wakati uchakavu wa kawaida hupausha kwenye mikunjo kwanza.

Kwa daraja, wafanyabiashara hutumia herufi. UNC haina mkunjo wowote. AU ina mmoja mwepesi. EF ina michache, karatasi bado ngumu. VF imetumika lakini ina nguvu. F ni legevu na chafu kidogo, VG imechakaa. Kampuni za ukaguzi huongeza namba hadi 70. UNC huanzia 60. Tabia ya muuzaji ni kupandisha daraja moja, kwa hiyo wewe shusha moja kabla ya kutaja bei, na ukibaki kati ya mbili chukua ya chini.

Kupata bei

Bei inayoombwa mtandaoni siyo bei. Tafuta mauzo yaliyokamilika: toleo lilelile, saini zilezile, daraja lilelile, angalau matano, ya miaka miwili mitatu ya karibuni. Tuseme umepata baht 1,200, 1,300, 1,400, 1,500 na 6,000. Ile ya 6,000 iweke kando uikague peke yake; pengine ina namba maalumu. Kadirio lako ni kati ya 1,300 na 1,400.

Kisha angalia ada. Noti ikipigwa nyundo kwa 10,000 kwenye mnada wenye ada ya mnunuzi asilimia 20 na ya muuzaji asilimia 10, mnunuzi hulipa 12,000 na muuzaji huondoka na 9,000. Ukinunua kwa 12,000 ukataka kuuza kesho, umeshapoteza robo.

Namba nzuri, lek suai kwa Kithai, ni soko la peke yake. Tisa hupendwa sana, kwa kuwa tamko lake, kao, ni sawa na neno la kupiga hatua mbele, na pia kwa ajili ya Rama IX. Noti ya kawaida yenye tisa tupu huacha bei ya katalogi mbali. Usiitumie kupimia nyingine.

Noti iliyo ndani ya plastiki ya mkaguzi nayo ikague: ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni na ulinganishe namba ya mfululizo. Plastiki hughushiwa pia. Kupeleka yako ikaguliwe kuna maana tu kama thamani yake inazidi gharama mara tano hivi.

Bangkok, masoko ya Tha Phra Chan na Chatuchak yana vibanda vya noti na sarafu. Wafanyabiashara wa tanzanite na rubi wanaopita mjini humo watafanya vema kwanza kutembelea kituo cha maonyesho cha Benki ya Thailand, katika jengo la kiwanda cha zamani cha noti, waone halisi kwa macho. Na sokoni, noti ikidondoka usiizuie kwa mguu: ina sura ya mfalme, na kuikanyaga ni tusi zito.

Kutunza

Tumia mifuko ya polyester isiyo na gundi. Plastiki laini yenye harufu kama ya pazia la bafu ni PVC. Mafuta yake huhamia kwenye karatasi. Selotepu, pini, vibanio vya chuma na naftalini viwe mbali. Unyevu ubaki asilimia 45 hadi 55, jambo gumu Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, ambako madoa ya kahawia huota haraka. Weka albamu ndani ya boksi lenye mfuniko pamoja na pakiti za silika, ukizikausha au kuzibadili zinaposhiba, na ulifungue mara moja kwa mwezi siku ya jua. Noti iliyotoka sokoni ikae kwenye bahasha ya karatasi wiki moja kabla ya kuingia kwenye polyester. Unyevu ukifungiwa humo hauna pa kutokea.

Kila noti iwe na mstari wake daftarini: toleo, thamani, jozi ya saini, alama ya maji, namba, daraja uliloipa wewe na alilotaja muuzaji, tarehe na bei pamoja na ada. Piga picha pande zote mbili, na ya tatu kwa mwanga wa pembeni, ile inayoonyesha mikunjo.