Kubadili kipoozi cha prosesa kwenye deskitopu

Kabla hujatoa hela, jua soketi (kikalio cha prosesa) ya mazabodi yako, ubao mkuu wa kompyuta. Kwa Intel, soketi za LGA 1150, 1151, 1155 na 1200 matundu yake ya kufungia kipoozi yameachana milimita 75, hivyo kipoozi kimoja hukaa kote. LGA 1700 ni 78, ile ya zamani 775 ni 72. Pima na kina cha kesi: vipoozi vingi vya mnara hufika milimita 150 na zaidi, na kesi nyembamba za maofisini hazifungiki.

1. Washa kompyuta dakika kumi, pesti (ule mchanganyiko wa kupitisha joto kati ya prosesa na kipoozi) ilainike. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza swichi mara moja kumaliza chaji iliyobaki.

2. Chomoa plagi ya feni. Kwenye kipoozi cha Intel cha pini nne, zungusha kila pini robo mzunguko kufuata mshale wake, halafu vuta juu. Kikigoma, kizungushe taratibu kushoto na kulia. Usikinyanyue kwa nguvu.

3. Futa pesti ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi.

4. Weka pesti mpya katikati ya prosesa, kiasi cha punje ndogo ya njegere. Usiisambaze, uzito wa kipoozi utaisambaza wenyewe. Kama kipoozi kipya kimekuja na pesti tayari, usiongeze. Na ile karatasi ya plastiki chini yake uibandue! Wengi huisahau, kisha wanalalamika prosesa ni mbovu.

5. Zungusha pini zirudi zilivyokuwa, kalisha kipoozi matunduni, bonyeza kwa mshazari hadi zilie "tak". Chungulia nyuma ya mazabodi: miguu minne myeupe iwe imetokeza yote, na pini nyeusi katikati ya kila mmoja. Mmoja ukibaki juu, joto litapanda hata ukiwa na feni ya bei mbaya.

6. Chomeka feni kwenye tundu la mazabodi lililoandikwa CPU_FAN, washa, ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya mazabodi) uangalie joto.

Maswali

Mkuu, pesti imeisha, naweza kutumia dawa ya meno?
Itapooza kwa muda, kisha inakauka na joto linarudi juu. Nunua pesti, bei yake ni ndogo kuliko prosesa.

Prosesa yangu ya AMD Ryzen, ya soketi AM4, imeng'oka pamoja na kipoozi. Imekufa?
Si lazima. Prosesa za AM4 zina miguu, na pesti ngumu huzing'oa hata soketi ikiwa imefungwa. Itenganishe kwa kuzungusha, kagua miguu kwa mwanga mkali. Uliopinda unyooshe polepole kwa kadi nyembamba. Ukikatika, mpelekee fundi.

Fundi, plagi ya feni haiingii kwenye Dell OptiPlex yangu ya mtumba.
Baadhi ya OptiPlex zina plagi ya pini tano. Tafuta adapta yake, au feni ya modeli hiyohiyo.