Namna ya Kutumia Siku Moja katika Barabara Ndogo za Burren, Ireland

Mgeni anayefika Kaunti ya Clare, magharibi mwa Ireland, kwa kawaida hukimbilia magenge ya Moher yaliyo kando ya bahari, na huko hukuta mabasi yamemtangulia. Ukiwa na siku moja na gari la kukodi, ipe bahari mgongo: anzia kijiji cha Corofin, kisha elekea kaskazini hadi Bellharbour kupitia Burren, nchi ya mawe ya chokaa yaliyo wazi kama sakafu. Safari yote haifiki kilomita 50, nawe usiirefushe, kwa sababu muda utaliwa na vituo.

Beba ramani ya karatasi ya kipimo cha 1:50,000, ambayo huonyesha makaburi ya kale, ngome na magofu ambayo simu huyapita kimya. Jifunze pia kusoma majina yake. Jina linaloanza na Kil- mara nyingi limetokana na neno la Kiayalandi lenye maana ya kanisa, na Caher- au Lis- huashiria ngome ya duara. Kwa silabi hizo chache utatambua mahali pa kusimama hata pasipo na kibao.

Aliyejifunza udereva Kenya, Uganda au Tanzania hatababaishwa na upande, kwa kuwa Ireland nao hushika kushoto. Kinachosumbua ni wembamba wa barabara. Tangu Februari 2025 kikomo cha kawaida cha mwendo katika barabara za mashambani za daraja la L, yaani barabara ndogo za mitaa, ni kilomita 60 kwa saa, lakini penye kona iliyozibwa na ukuta wa mawe, na nyasi zimeota katikati ya lami, hata 30 ni nyingi. Ukikutana na trekta, aliye karibu na sehemu pana ya kupishania ndiye anayerudi nyuma, na mnapopishana inua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kwani ndiyo salamu ya huko. Neno lao la barabara, *bóthar*, limetokana na neno la ng'ombe, na ukikuta kundi limeijaza njia utaona kwamba halijapitwa na wakati.

Kutoka Corofin shika barabara ya R476 hadi Kilnaboy, ukatazame gofu la kanisa ambalo juu ya mlango wake wa kusini pamechongwa mwanamke aliye uchi. Mbele kidogo ni Leamaneh, kasri lisilo na paa lililobaki kuta na madirisha. Limo katika shamba la mtu, kwa hiyo litazame ukiwa barabarani. Hapo pinda kuingia R480 hadi Poulnabrone.

Poulnabrone si pa kupapitia haraka. Ni kaburi la mawe lenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, bamba moja kubwa likiwa limeegemezwa juu ya mawe yaliyosimama. Uchimbaji ulioanza mwaka 1986 ulifukua mabaki ya watu wasiopungua 33, na katika mfupa wa nyonga wa mmoja wao ncha ya silaha ya jiwe ilikuwa bado imekwama. Usipande juu yake, na angalia unapokanyaga, maana nyufa za miamba zina kina cha kuvunja mguu.

Kisha ingia barabara za L kuelekea kijiji cha Carran. Ireland haina haki ya jumla ya kukatiza mashamba ya watu, hivyo pasipo na njia rasmi bisha hodi kwanza na uombe ruhusa. Lango liache kama ulivyolikuta, na mbwa asishuke garini. Wakati wa baridi tarajia ng'ombe vilimani, kwa kuwa wakulima wa Burren huwapandisha msimu huo, kinyume cha desturi ya kwingi, ambako hushushwa bondeni.

Malizia Corcomroe, abasia (makao ya watawa) ya karne ya 13 karibu na Bellharbour. Ingia hadi upande wa mashariki, ambako mafundi walichonga majani na maua kwenye vichwa vya nguzo. Mwezi Juni utakuwa na mwanga hadi yapata saa nne usiku, lakini Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na nusu jioni, basi fika mapema. Wenyeji wangali wanazika wafu wao hapo; ukikuta mazishi, subiri nje ya ukuta.