Mambo ya kuzingatia kabla ya kuirudisha barabarani Datsun 240Z iliyolala, hasa ukiwa Dodoma

Wengi wanaozitafuta Datsun hizi wamezipendea Safari Rally. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda na 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda na gari la aina hiyohiyo, enzi mashindano yakiitwa East African Safari. Heshima hiyo ni ya haki. Lakini magari yale yalikuwa mapya, na mafundi walikuwa wakiyasubiri njiani na spea mkononi. Lako lina zaidi ya miaka 50, limelala chini ya mwarobaini kule Kizota au bandani Nkuhungu, na fundi wa mtaani kwako huenda hajawahi kufungua hata boneti la aina yake. Kwa hiyo kabla hujaliwasha, na kabla hujanunua spea hata moja, pitia haya.

Matairi: soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. Yakizidi miaka 10 yatupe, hata kama kashata bado zimesimama.

Betri: nunua mpya, usipoteze muda na ya zamani. Ukiitoa, kagua kitako chake, maana kutu ya magari haya hupenda kuanzia hapo.

Kutu yenyewe itafute kwa vidole na bisibisi. Rangi inayong'aa haikuambii kitu. Pita chini ya mazulia, kwenye fremu za sakafuni, nyuma ya matairi ya mbele na kwenye shimo la tairi la akiba. Ukame wetu wa Dodoma unalihifadhi bodi vizuri, lakini gari lililoishi Tanga au Dar es Salaam miaka mingi linakuja na chumvi ya bahari ndani yake, na puti inaficha mengi. Bisibisi ikizama, usianze na injini. Anza na mchomeleaji.

Breki: fungua ngoma za nyuma. Gari lililokaa muda mrefu silinda ndogo za breki zinaganda au zinavuja. Badilisha mipira yake na mafuta ya breki yote, kisha jaribu kwenye uwanja mtupu kabla hujaingia barabarani.

Mafuta: petroli ikinuka vanishi, imwage yote, pamoja na uchafu wa tanki. Mipira yote ya mafuta kuanzia tanki hadi kabureta ibadilishe siku hiyohiyo, usichague. Kwenye injini hii kabureta mbili zimekaa upande uleule wa eksozi, juu yake kabisa. Mpira uliopasuka unadondosha petroli kwenye chuma cha moto, na gari linaweza kuungua likiwa limesimama getini kwako. Kwa sababu hiyohiyo, mwezi wa Oktoba na Novemba usishangae ukizima gari dakika chache likakataa kuwaka: joto la eksozi limechemsha petroli ndani ya kabureta. Fungua boneti lipoe, na hakikisha lile bati la kukinga joto kati ya kabureta na eksozi bado lipo. Mara nyingi kuna mtu alilitoa zamani na hakulirudisha.

Umeme: taa kubwa za 240Z zinapitisha umeme wake wote kwenye swichi ya usukani, hakuna rilei, yaani swichi ndogo ya kubeba umeme mkubwa. Miguso yake inaungua taratibu, taa zinafifia, plastiki inayeyuka. Fundi umeme yeyote wa pikipiki anaweza kukufungia rilei mbili. Lifanye kabla ya safari ya kwanza ya usiku. Kisanduku cha fyuzi kiguse kwa mkono baada ya kuwasha taa kwa muda. Kikiwa cha moto, safisha miguso. Na usimruhusu mtu akuwekee fyuzi kubwa zaidi "ili isikatike".

Moshi: raba ya mlango wa nyuma na raba za taa za nyuma zikichoka, moshi wa eksozi unavutwa ndani gari likitembea. Ukisikia kichwa kinauma safarini, usidhani ni uchovu tu. Simama, fungua vioo, na raba hizo zibadilishwe kabla hujapakia watoto.

Sasa injini ikiwaka lakini inamisi, sikiliza vizuri. Mafundi wengi hukimbilia kabureta kwa sababu ni mbili na zinaonekana ngumu, wanazungusha kila skrubu, na baada ya hapo hakuna anayejua zilianzia wapi. Mzuie fundi wako. Kabureta ziwe za mwisho. Anza na valvu: injini ikiwa ya moto, za kuingiza ziwe na nafasi ya milimita 0.25 na za kutoa 0.30. Kisha njoo kwenye moto: pointi za distribyuta, kondensa, kifuniko, waya, na mpangilio wa waya uwe 1-5-3-6-2-4. Nimeona gari likisukumwa gereji mbili kwa ajili ya waya mbili zilizobadilishana nafasi. Hayo yote yakiwa sawa, ndipo uangalie kabureta, na hata hapo anza kwa kufungua vile vifuniko vyeusi vya juu uone kama kuna oili ndani. Ikikauka, injini inakohoa ukikanyaga ghafla, na dawa yake ni oili nyepesi kidogo tu.

Ukisikia mgongano nyuma unapoachia klachi, tazama krosijointi za shafti za pembeni kabla hujailaumu difu.

Nimekuja kwenye maji. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoona mtu akimaliza akiba yake.

Mzee mmoja mstaafu, jirani yetu Makole, alikuwa na 240Z aliyoipenda kuliko chochote pale kwake. Mjini ilitembea bila shida. Akaamua kwenda nayo Iringa kwenye harusi. Ikafika Mtera vizuri, ikavuka daraja, lakini ilipoanza kupanda mlima wa Nyang'oro mshale wa joto ukapanda nayo. Alisimama, akasubiri ipoe, akaongeza maji, akaondoka, ikachemsha tena kona chache mbele. Harusini alifika kwa lori, gari likiwa limefungwa kamba nyuma.

Fundi wa kwanza alitoa thamostati, valvu inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta. "Mzee, kwa joto la huku kifaa hiki hakina kazi," akamwambia. Mjini mshale ukashuka, wote wakaamini gari limepona, kumbe ugonjwa ulikuwa palepale ukisubiri mlima mwingine. Safari ya Singida, kwenye mlima wa Saranda, likachemsha tena. Fundi wa pili akamuuzia rejeta nyingine. Ikasaidia kidogo. Kisha ukaanza moshi mweupe asubuhi na maji kupungua bila kuonekana yanakokwenda, na fundi wa tatu akasema gasketi ya silinda hedi imekufa. Hapo alikuwa sahihi. Kosa lake ni kwamba alifungua hedi bila kuweka kabari la mti kushikilia cheni ya taimingi. Kwenye injini hizi cheni ikilegea hapo, kikaza cheni kinachomoka ndani, na huwezi kukirudisha mpaka ufungue mfuniko wote wa mbele. Kazi ya siku moja ikageuka kazi ya majuma. Gasketi mpya ikafungwa, na haikukaa. Ikaungua tena.

Ndipo mzee akaniita. "Mwanangu, njoo uone, mimi nimechoka." Nilipofika hedi ilikuwa imeshatolewa. Tuliipeleka kwenye mashine, ikawekewa rula: katikati imepinda, na matundu ya maji ya upande wa nyuma yamelika, kingo zake zimekuwa kama zimetafunwa na panya. Hakuna gasketi inayoweza kukaa juu ya kitu kama hicho. Tukarudi kwenye bloku, mwili wa injini wenye silinda. Maji yalikuwa bado yanaonekana kwenye matundu ya juu. Tukafungua bolti ya kutolea maji, ile iliyo ubavuni mwa bloku chini. Halikutoka hata tone. Tukaingiza kipande cha waya mgumu, tukachokoa, tukachokoa, mwishowe likaanza kutoka tope zito la rangi ya udongo, halafu magamba meupe.

Nikamuuliza mzee huwa anaweka maji gani. Akanionyesha bomba la kisima cha pale nyumbani.

Kila mtu wa Dodoma anayajua maji hayo. Ukitaka ushahidi tazama ukoko mweupe ndani ya birika lako la chai. Maji magumu yakipata joto huacha magamba yake pale penye joto kali zaidi, na kwenye injini hapo ni kuzunguka silinda na chini ya valvu. Chumvi nayo inafanya kazi ya pili: bloku ya 240Z ni chuma, hedi yake ni aluminiamu, na metali hizo mbili zikikaa pamoja ndani ya maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Tope linatulia chini na nyuma ya bloku, silinda za nyuma zinapika, hedi inapinda. Rejeta mpya haifiki huko. Kwenye tambarare injini inavumilia. Ukiipandisha mlima na mzigo, inasema ukweli.

Hedi ya mzee ilijazwa kwa kuchomelea aluminiamu, ikasawazishwa, na minara ya kemushafti ikawekewa shimu, vipande vyembamba vya chuma, chini yake, kwa sababu hedi ikipunguzwa sana cheni inalegea na taimingi inahama. Gasketi tulinunua baada ya kupima kipenyo cha silinda: za 240Z ni milimita 83. Injini ya L28, ile ya Nissan Patrol za petroli za zamani, ni ndugu yake na spea zake nyingi zinaingiliana, lakini silinda zake ni 86, kwa hiyo usipokee gasketi kwa maneno ya muuzaji. Thamostati ikarudi mahali pake. Gari linapanda Nyang'oro sasa.

Basi wewe fanya hivi kabla ya yote. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua bolti ile ya bloku. Maji yakitoka kwa nguvu na ni masafi, mshukuru aliyekuwa nalo kabla yako. Yasipotoka, umeshaujua ugonjwa na hujatumia hata shilingi. Toa thamostati na mipira, pitisha maji kwa nguvu kinyumenyume mpaka yatoke masafi, tena na tena. Usimwage asidi ya betri wala dawa ya choo humo kwa kuharakisha; zinakula aluminiamu kabla hazijamaliza tope. Thamostati ijaribu kwenye sufuria ya maji jikoni: inapaswa kufunguka karibu na nyuzi 82. Mfuniko wa rejeta ununue mpya. Huku ni uwanda wa juu, tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na shinikizo yanachemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko ulio na springi iliyochoka unakuibia nyuzi ambazo hunazo.

Kisha jaza kulanti, dawa ya maji ya rejeta, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale yanayouzwa madukani kama maji ya betri. Uliza mara mbili na usome chupa, maana asidi ya betri inauzwa rafu hiyohiyo. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi pia yanafaa. Kwa gari zima unahitaji karibu lita 9 za mchanganyiko, na gharama yake hailingani kabisa na ya kuchomelea hedi.

Baada ya hapo washa bila mfuniko injini ikiwa baridi, uangalie mdomo wa rejeta. Mapovu yasiyokoma ni gesi ya silinda inapita kwenye gasketi. Toa kijiti cha oili. Ikiwa na rangi ya maziwa, usiwashe tena. Plagi moja ikiwa imeoshwa safi kuliko wenzake, maji yanaingia silinda hiyo. Mapezi ya rejeta yapige upepo kutoka nyuma kwenda mbele, vumbi la kiangazi na mbegu za nyasi hujaa humo. Kaza mkanda wa feni, beba mwingine.

Safari ya kwanza isiwe ndefu. Nenda Kibaigwa urudi, kagua kila kiwango cha maji na oili, kaza kilicholegea, halafu ndipo ufikirie Iringa au Singida. Beba maji yako mwenyewe, lita 10 walau, usitegemee kisima cha njiani. Beba waya, fyuzi, pointi na kondensa, mpira wa rejeta wa juu na wa chini, tochi, kizima moto kilichopimwa. Ondoka alfajiri kabla joto halijapanda. Usiku usiende nayo: ng'ombe wanalala lamini, na malori yaliyoharibika yanaachwa bila taa wala alama. Mshale ukianza kupanda mlimani, usijaribu kumalizia kona. Pisha pembeni, zima, fungua boneti, na mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka uweze kuweka kiganja juu yake bila kukitoa.